Nguchiro na Kisanduku cha Kuonjwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na nyumba zao zikiwa na umeme, ukame uliingia nchini. Wapo wanaosema mjanja wa hadithi hii ni Sungura. Si yeye. Alikuwa Nguchiro, na sisi tulisimuliwa hivyo.

Mito ilikauka yote. Kilibaki kisima kimoja cha mababu wa ndovu, kilichofichwa kwa mawe, na njia yake aliijua Bibi mzaa ndovu peke yake. Bibi alikuwa ameshakufa. Lakini kabla ya kufa aliieleza njia hiyo kwa sauti yake, na binti yake, Bi Ndovu, akaihifadhi sauti ile ndani ya kompyuta ya mezani.

Siku Bi Ndovu alipotaka kuisikiliza, umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Paa! Harufu ya kuungua ikatoka nyuma ya kasha. Kompyuta ikazimika.

Jirani yake Nguchiro akaja mbio, bisibisi mdomoni. Akafungua kasha, akanusa huku na huku.

"Mama, diski yenye sauti ya Bibi ni nzima," alisema. "Iliyoungua ni pawa saplai, kisanduku hiki kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa humu ndani. Tununue kingine. Ila tukikosea, umeme mbaya utapita mpaka kwenye diski, na Bibi atakufa mara ya pili."

Bi Ndovu akawatazama watoto wake. Walikuwa wamelala ukutani, ndimi kavu.

"Twende kwa Fisi," akasema. Hakukuwa na muuzaji mwingine.

Dukani kwa Fisi, kompyuta yake mwenyewe ilikuwa ikinguruma pembeni, ikiwanakilia wateja nyimbo na filamu kutwa nzima. Fisi akaweka kisanduku kipya juu ya meza.

"Kipime, Bi mkubwa."

Ndovu wana desturi yao: kitu hupimwa kwa mkonga. Kizito ni kizuri, chepesi ni kibovu. Bi Ndovu akakinyanyua, kikamvuta mkonga chini.

"Kizito," alisema kwa heshima. "Hiki ndicho chenyewe."

Nguchiro akakitikisa kidogo. Ndani kitu kikagonga, ngo, kama kokoto ndani ya kibuyu.

"Mjomba, nikifungue nione?"

"Ukikifungua, dhamana imekwisha," Fisi akajibu. "Na wewe pia." Akacheka, meno yote nje.

Akachomeka waya mmoja. Feni ikazunguka, vuuu. "Kinafanya kazi. Mnataka nini tena?"

"Feni kuzunguka ni kupumua tu, mjomba. Hata mgonjwa hupumua. Tunataka kukiona kikibeba mzigo."

"Kakibebesheni kwenu. Kikiungua, mrudi mniambie."

"Kikiungua kwetu hatutakuwa na cha kurudia," Bi Ndovu akasema polepole.

"Basi nendeni kwa mwingine."

Wakati huo umeme ulififia. Taa za duka zikapepesa. Lakini kompyuta ya Fisi haikushtuka. Iliendelea kunguruma vilevile. Nguchiro akazunguka nyuma yake, akasoma kibandiko cha pawa saplai yake kupitia matundu ya kasha. Nguvu zilitosha, na za kubaki.

Akarudi mezani kama aliyeshindwa.

"Mjomba, hatubishi. Bali ndovu wana mila. Anayempa mgeni kibuyu cha togwa hukionja kwanza mbele yake, kuondoa sumu. Onja."

"Nionje chuma?"

"Kifunge kwenye kompyuta yako, uibebeshe kazi zote kwa pamoja. Ikitulia, kila nyumba ya ndovu itanunua kwako."

Wateja waliokuwa mlangoni wakamgeukia Fisi. Fisi akalamba midomo. Kila nyumba ya ndovu.

"Sawa. Lakini fundi hatazamwi mkono." Akavuta pazia.

Nguchiro akatega sikio. Akasikia kifuniko kikifunguliwa, kra. Akasikia kikohozi. Akasikia kifuniko kikifungwa, kra. Hakusikia skrubu hata moja ikizungushwa.

"Mbona upesi hivyo?" Bi Ndovu akanong'ona. "Nguchiro, huyu..."

"Mama, nakusihi. Usiseme neno."

Pazia likafunguliwa. "Hicho kimo ndani," Fisi akasema. "Leteni mzigo wenu."

Wakawasha filamu, wakawasha nyimbo, wakaiamuru printa ichape. Kompyuta ikanguruma bila kuyumba.

"Umeridhika, kipande cha mkia?"

"Nimeridhika. Wenzangu, mmesikia? Kilichomo humu ndicho anachotuuzia?"

"Tumesikia," wateja wakasema.

"Na wewe, mjomba?"

"Nimeshasema ndicho."

Nguchiro akazima kompyuta, akachomoa waya wa ukutani. Bisibisi ikaanza kazi, kwiri, kwiri. "Basi tunachukua hiki hiki."

Fisi akaruka, manyoya yamemsimama. "Acha hicho. Nitawapa kingine, kipya, kwenye boksi lake."

"Hicho hakijaonjwa. Nani huonja kibuyu kimoja akampa mgeni kingine?"

Fisi akainama mpaka pumzi yake ikampiga Nguchiro kichwani. "Nitakutafuna."

"Nitafune. Lakini kwanza waeleze hawa sababu. Kama kilichomo humu si kipya, ni kipi?"

Fisi akawatazama wateja. Akamtazama Bi Ndovu, aliyekuwa amesogea hatua moja mbele. Akarudi nyuma hatua moja.

Skrubu ya mwisho ikaanguka, ti. Bi Ndovu akalipa bei waliyopatana, akakibeba kisanduku kwa mkonga.

Njiani akauliza, "Nguchiro, kitu kipya, mbona kina vumbi?"

"Tembea, Mama."

"Tena ni chepesi kuliko kile cha mwanzo."

"Tembea, Mama."

Huku nyuma Fisi, asiye tena na pawa saplai, akafunga bidhaa yake kwenye kompyuta yake. Puu! Moshi ukawatoa wateja wote nje.

Nyumbani, Nguchiro akaunganisha waya mmoja mmoja, akarudia kuukagua kila mmoja. Bi Ndovu akaweka ncha ya mkonga kwenye kitufe. Akabonyeza.

Kimya. Mtoto mmoja akainua kichwa.

Kisha, vuuu. Kioo kikawaka, na sauti ya kizee ikajaza chumba: "Binti yangu, uache mwamba mweusi upande wa kushoto, kisha ushuke..."

Watoto walikuwa wameshasimama kabla haijafika mwisho.

Nanyi, wanangu, shikeni hili: asichothubutu muuzaji kukionja, mnunuzi asikimeze.