Upepo wa Shangazi

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Ndiyo sauti aliyoisikia Bi Kindi usiku wa manane, zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanafunga milango na kuamkiana shikamoo.

Jamani, aliogopa! Ndiyo kwanza amejifungua, mtoto wa kwanza, hata macho hajafumbua, na mumewe kasafiri, yuko peke yake ndani ya tundu la mti, mbele ya mlango kijito chenye maji mengi, na juu ya kijito gogo moja tu la kuvukia. Na kucha zilikuwa zinakwaruza mwisho wa gogo, ng'ambo kule.

"Nani?"

"Ni mimi, mwanangu," ikajibu sauti nyembamba. "Shangazi yako. Nimekuja kumwona mtoto."

Akachungulia. Lo! Shangazi ana madoa mwili mzima na mkia unaocheza wenyewe. Chui! Tundu lilikuwa dogo, mkono wa Chui haupiti, ndiyo maana alitaka mtoto atolewe nje kwa hiari. Lakini akikaa hapo mlangoni siku mbili, mama atakula nini, na mtoto atanyonya nini?

"Shikamoo, shangazi," akasema Bi Kindi.

"Marahaba. Mlete basi nimpakate."

"Shangazi nawe! Umetoka nje usiku, una upepo wa njiani, utamshikaje mtoto mchanga? Au kwenu hamna desturi ya kuuondoa kwanza?"

Chui akababaika. Shangazi gani asiyejua desturi? "Ninayo, ninayo! Ila nimesahau unaondolewaje."

Hapo Bi Kindi akakumbuka jambo. Juzi mtoto alilia mno, naye akawa anazunguka naye ndani, zungu, zungu, zungu, alipotulia akasimama, kumbe nyumba haikusimama! Akakaa kitako, pu! Maana ndani ya masikio yetu kuna vijimaji, wanangu, vinavyokuambia kichwa kimeelekea wapi. Ukizunguka sana navyo vinazunguka, ukisimama vyenyewe havina habari, bado vinaendelea.

"Zunguka huo mti ulio karibu nawe," akasema, "mbio mbio, macho umefumba. Nikikuita, njoo moja kwa moja, usipumzike. Ukipumzika upepo unakurudia."

"Hilo tu?"

"Gogo utaliweza, shangazi? Jembamba, na umri huo."

"Mimi? Mimi nalala juu ya tawi, mtoto wewe!"

Akaanza. Vuu! Vuu! Vuu! Bi Kindi anapiga makofi mlangoni, "Upepo toka! Upepo toka! Bado, shangazi, bado unanuka njia! Kaza!" Chui anazunguka, ulimi nje, majani yanaruka.

"Haya, njoo!"

Chui akafumbua macho, akakanyaga gogo. Magogo yalikuwa matatu.

"Mwanangu, mbona gogo linacheza?"

"Limetulia, shangazi. Tembea."

"Mbona mti wako unakimbia?"

"Unakupisha."

"Na mbingu je, mbona ziko huku ubavuni..."

Chubwi!

"Nani kanisukuma?" akanguruma Chui kutoka majini.

"Yoo! Shangazi, mbona sauti imekuwa nene? Ni baridi?"

Chui akajikokota mpaka ukingo ule aliotokea, akayashika majani kwa mikono yote miwili asije akaanguka tena, naye kalala chini! Akakaa hivyo mpaka dunia ilipotulia. Kisha akasema polepole, "Kindi. Wakisikia huko kwamba chui kaanguka kwenye gogo, uso wangu nitauweka wapi?"

"Kwani nani atasema? Usirudi hapa, nami simwambii mtu."

"Sirudi. Wallahi sirudi."

Akaondoka, anapepesuka, kila mti anauomba radhi.

Basi wanangu, aliyekuzidi nguvu usishindane naye, mwache ashindane na kichwa chake mwenyewe.

Bi Kindi akafunga mlango, akampakata mwanawe, akamnong'oneza yote tangu kwaru mpaka chubwi, akicheka na machozi yakimtoka. Ndipo akaikumbuka ile ahadi, akajiziba mdomo.

"Ni wewe tu, mwanangu," akasema. "Simwambii mwingine."