Sauti Nne za Nyumba ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mji wao na mji ukawa na tangi lake moja la maji, kuna siku waliitwa wote mkutanoni. Siku hiyo walikuwepo Nyati, mwenyekiti wa maji, Kifaru, mhesabu wa nyumba, Twiga, Fisi na mkewe, Mama Ngiri na watoto wake waliotapakaa kama dengu zilizomwagika, Kobe, aliyeanza safari ya kuja mkutanoni tangu jana yake, na nyuma kabisa, kwenye kivuli cha miguu ya Twiga, Nguchiro. Wengine walikuja na watu wao. Nguchiro alikuja peke yake.

Nyati aligonga tangi kwa pembe. Ngoo, ngoo. Tangi likaitika kama chungu kitupu.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Sina hotuba. Kuanzia kesho ni mgao. Makopo mawili kila jioni kwa kila kichwa. Kifaru atapita na ufunguo, atahesabu watu, atafungulia bomba, atafunga."

"Mheshimiwa," akasema Twiga, "makopo yangu yana safari ya shingo yote hii. Si yatakauka njiani kabla hayajafika tumboni?"

"Tunahesabu vichwa, Twiga. Shingo ni mzigo wako mwenyewe."

Watu wakacheka. Hata Nguchiro alicheka.

"Kuoga, marufuku. Kugaagaa kwenye tope, marufuku."

"Hilo tope umeliona wapi, mwenyekiti?" akauliza Mama Ngiri. "Tuonyeshe kwanza, ndipo utukataze."

Wakacheka tena. Nyati akangoja wanyamaze.

"La mwisho. Mabomba yetu yanavuja. Bomba linaloenda kwenye nyumba ya mtu mmoja linamwaga njiani maji mengi kuliko anayokunywa. Kwa hiyo nyumba yenye kichwa kimoja itafungwa. Mwenyewe atahamia kwa wenzake, na nyumba atapewa mwenye watu wengi."

Kicheko kikakatika. Fisi, ambaye binamu zake walikuwa wamebanana kwake kama viazi guniani, aligeuka polepole.

"Mama Nguchiro," akasema, "hivi kwenu siku hizi mko wangapi?"

Nguchiro akajibu kabla hajajua anajibu nini. "Wanne."

"Mbona hatuwaoni?"

"Wamerudi juzi usiku. Babu ana kifua. Shangazi anamuuguza. Kidoto, mdogo wangu, hataki kuachana na shangazi."

"Wanne," akasema Nyati. "Kifaru atapita kuhesabu."

Sasa sikilizeni, wanangu. Hao watatu walikuwa watu wa kweli, ila hawakuwa nyumbani. Ukoo wa Nguchiro ulikuwa umekwenda mbali kutafuta maji, kwenye bonde lililo nyuma ya vilima. Nguchiro alibaki kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea.

"Utulindie nyumba," shangazi alimwambia siku ya kuondoka. "Tukirudi tukute mlango wetu."

Mama alifariki. Mama Ngiri alikuja kumwosha, na Kobe alikuja kuchimba, akachimba kutwa nzima bila kuombwa. Baada ya hapo watu walirudi kwao, na Nguchiro akabaki na nyumba ya vyumba vingi na sauti ya panzi. Nyumba hiyo ikifungwa, ukoo ungerudi na kumkuta binamu wa Fisi ameketi jikoni.

Kesho yake jioni ardhi ikatetemeka. Du, du, du.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mzee Kifaru. Ingia ndani."

"Hapana, mama, siingii. Nikiingia utataka kuninawisha, na miguu yangu unaiona ilivyo. Maji yenu ya siku mbili yataishia kwenye kidole kimoja. Nitahesabia hapahapa barazani."

Ndivyo alivyokuwa Kifaru, na mji mzima ulimjua. Macho yake yalikuwa hafifu, hatofautishi Twiga na mti. Masikio yake yalisikia mchwa wakigombana. Hivyo kila nyumba aliihesabu kwa kusikiliza sauti, akiwa nje, asije akala maji ya watu.

Nguchiro akaingia ndani, akaweka sahani nne chini, kwa vishindo. Akavuta pumzi.

"Koh, koh, koh. Nani huyo anayetikisa nyumba?" Hiyo ilikuwa sauti ya babu.

"Ni Mzee Kifaru, babu, amekuja kutuhesabu," akajibu kwa sauti yake mwenyewe.

"Mwambie anihesabu nusu. Nusu nyingine imeshakufa."

"Baba, jamani, maneno gani hayo mbele ya mgeni." Shangazi alisemea puani.

"Dada, ana pembe?" Sauti nyembamba kama uzi.

"Anayo, Kidoto."

"Akilala inakaa wapi?"

Barazani pakasikika pfff, kama mtu aliyezuia kicheko na kicheko kikamtokea puani.

"Wanne," akasema Kifaru. Akazunguka uani, akafungulia bomba. Makopo manane. Akafunga, akaaga, du, du, du, akaenda zake.

Nguchiro akabaki amesimama katikati ya sahani nne. Nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla hajaigiza.

Akanywa makopo yake mawili. Yale sita akayabeba mpaka kwa Mama Ngiri, kwa kuwa watoto wa Ngiri ni wengi na kila mara mmoja hupiga teke kopo la mwenzake.

"Hukuyataka?" akauliza Mama Ngiri.

"Babu anasema yana ladha ya kutu."

"Basi Mungu ambariki na ulimi wake."

Kila jioni ikawa hivyo. Siku moja babu alisema maji ni baridi mno kwa kifua chake. Siku nyingine Kidoto alikuwa amenuna, hanywi. Mama Ngiri hakuuliza zaidi. Alituma salamu tu: mwambie babu ahsante, mwambie Kidoto asinune.

Na Nguchiro naye alianza kuingoja jioni. Mchana kutwa hakuwa na wa kusema naye. Jua likiteremka, nyumba ilijaa watu. Shangazi alilalamika kwamba posho ya chumvi haitoshi. Babu alisimulia jinsi alivyompiga nyoka, na kila jioni nyoka yule alirefuka. Kifaru, ambaye siku za mwanzo alianza mzunguko wake kwa nyumba hiyo, sasa aliiweka ya mwisho, na akishafunga bomba hakuwa na haraka.

Jioni moja Nguchiro alikuwa amechoka, akasahau kikohozi.

"Babu vipi leo?" akauliza Kifaru kutoka nje. "Mbona hakohoi?"

"Amepata nafuu, mzee."

"Haya. Nafuu ni jambo jema."

Lakini kesho yake asubuhi Nguchiro alikuta kipande cha tangawizi barazani, kimewekwa juu ya jani safi. Hapakuwa na barua wala mtu, ila nyayo zilikuwa pana kama sinia. Akaketi akaitafuna tangawizi polepole, machozi yakimtoka, akajiambia ni ukali wa tangawizi.

Kumbe Fisi naye alikuwa na macho.

"Mwenyekiti," akamwambia Nyati, "mimi hupita pale kila siku. Vumbi lote hili, na nyayo mlangoni ni za mtu mmoja. Watu wanne, miguu minne tu? Au wengine wanaruka?"

Jioni hiyo Kifaru hakuja peke yake. Mbele alikuja Nyati, nyuma yake Fisi na mkewe na binamu wengi wamebeba mikeka, tayari kuhamia.

"Hodi," akasema Nyati. "Watu wote wa nyumba hii watoke nje."

Nguchiro akajibu kutoka ndani. "Babu hawezi kutoka, mwenyekiti. Ni kile kifua."

"Basi tutaingia sisi."

Nyati akajaribu. Pembe zake zikagonga fremu ya mlango upande huu, zikagonga upande ule. Akajaribu kwa kuinama, akajaribu kwa ubavu, mwisho akarudi nyuma na kipande cha ukuta wa udongo puani.

"Nitawasikilizia hapahapa," akasema. "Haya, semeni."

Nguchiro akaanza. Babu akauliza nani anayepiga nyumba pembe. Shangazi akamkaripia. Kidoto akauliza kama mwenyekiti naye ana mama. Nyati akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Fisi akamnong'oneza, na mnong'ono wa Fisi husikika hadi mtaa wa pili.

"Sikiliza vizuri, mwenyekiti. Wanapokezana kama wako mahakamani. Mmoja akisema, wote kimya. Wewe uliona wapi nyumba ya namna hiyo? Kwangu mimi mtu hajawahi kumaliza neno tangu nioe."

"Kweli hajawahi," akasema mkewe, naye Fisi alikuwa bado anasema.

Nyati akakuna sikio. "Eeh. Nyumbani, humo ndani, nataka kusikia wawili kwa mara moja. Babu akohoe, na shangazi aseme."

Nguchiro alisimama gizani katikati ya chumba. Alikuwa na babu, na shangazi, na mdogo wake, na wote walikuwa na mdomo mmoja. Akafumbua mdomo, akaufumba.

"Wakati mnasikiliza," akasema Kifaru taratibu, "mimi nikaangalie lile bomba kule uani. Juzi lilikuwa linavuja."

"Nenda," akasema Nyati bila kumtazama. "Nyumbani, tunangoja."

"Wanafikiria," akasema Fisi. Binamu mmoja akaanza kukunjua mkeka wake.

Mara uani, nyuma ya ukuta wa nyumba, kikalipuka kikohozi. KHO. KHO. KHOOO. Makuti yakaruka juu ya paa, vumbi likashuka, sahani nne zikacheza zenyewe sakafuni.

Nguchiro hakungoja kuambiwa. Kikohozi kikiwa bado kinaunguruma, akapaza sauti ya shangazi: "Baba, pole pole, utatuangushia paa jamani!"

KHO. KHO.

"Dada, babu anapasuka?"

KHOOO.

Nyati alikuwa amekwisha rudi nyuma hatua kadhaa. "Hicho kifua," akasema, "hicho kifua kinaambukiza?"

"Sana," akajibu shangazi kwa pua, na kikohozi kikaja juu ya neno lake. "Mimi mwenyewe naanza kukisikia."

Sijui nani alitangulia kukimbia. Wengine husema Nyati, lakini mkeka uliookotwa njiani ulikuwa wa binamu mmoja wa Fisi. Kule kwenye kona ya mtaa walikutana na Kifaru akitokea njia ya uani na ufunguo wake.

"Umehesabu wangapi?" Nyati akauliza, akihema.

"Wanne, mwenyekiti. Kama siku zote."

"Andika hivyo. Na usiwakaribie sana."

Vumbi lilipotulia, Nguchiro alitoka barazani. Kifaru alikuwa amerudi, ameketi chini, anajisafisha koo.

"Umejua tangu lini?" akamwuliza.

"Siku ya kwanza, mama. Fisi ana maneno mabaya lakini masikio anayo. Nyumba yenye watu, sauti hugongana."

"Na ukaniandikia wanne."

"Nikakuandikia wanne."

"Kwa nini, mzee?"

Macho hafifu ya Kifaru yalitazama mahali lilipo tangi, au alipodhani lipo.

"Nyumba yangu iko kule nyuma ya tangi," akasema. "Ndani niko mimi na ufunguo. Nyati alipotangaza ile sheria nilingoja anitazame. Hakunitazama. Mhesabu hahesabiwi na mtu. Basi nikawa nikipita hapa mwisho, nasikiliza watu wanne wanavyokula, halafu naenda kulala."

Nguchiro akaingia ndani, akatoka na sahani mbili za viazi, akaziweka barazani, moja mbele yake na moja mbele ya mgeni. Sahani ya mgeni ilikuwa ndogo kuliko ukucha wake. Kifaru akala kiazi kimoja kimoja, kwa adabu, kana kwamba kila kimoja kinamshibisha.

"Huyo babu," akauliza baadaye, "ni wa kweli?"

"Wa kweli. Yuko bondeni na wengine. Kama bado yupo."

"Na alikuwa akikohoa hivyo?"

"Kidogo kuliko wewe."

Pfff, akafanya Kifaru. Wakaendelea kukaa. Hewa ilikuwa kavu, na mbali kule kwa Mama Ngiri watoto walikuwa wakigombania kopo. Nguchiro akakumbuka makopo sita yaliyokuwa yanangoja uani, akanyanyuka, na Kifaru akanyanyuka kumsaidia kuyabeba.

Wanangu, mtu mmoja naye ni nyumba.

Ukoo wa Nguchiro ulirudi baada ya masika ya pili, bila babu, pamoja na watoto watatu waliozaliwa bondeni.