Umbo la Tano la Kindi

Zamani hizo, siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza ya vuli, Nyati alikuja kujikuna kwenye mkwaju wa Kindi. Kru! Kru! Kru! Shina likaanza kupasuka. Ndani ya tundu la mti walilala watoto watatu wa Kindi, macho hayajafunguka.

"Shikamoo, Mjomba Nyati!" Kindi aliita kutoka tawini. "Huoni kuna watoto humu?"

"Marahaba. Mgongo unawasha. Wahamishe."

Hakuweza kuwahamisha. Mwewe alikuwa ametua mti wa pili, anangoja. Kindi akashuka.

"Basi tucheze madonge, Mjomba. Nikishindwa, mti wako. Nikishinda, uvuke mto usirudi."

Nyati alicheka hadi pua ikatoa povu. Katika mchezo wa madonge hakuwahi kufungwa.

Mchezo wenyewe, wanangu, ulikuwa hivi. Kila umbo lilitumia madonge ya udongo: meusi manne, jekundu moja na meupe kumi. Miiba ndiyo ilikuwa mikono yao. Donge jeusi lilishika wenzake wanne, jekundu wawili, jeupe mmoja tu. Na jekundu lilipaswa kushika jeusi kwa mkono mmoja na jeupe kwa mwingine. Mkifika shuleni mtayaita kaboni, oksijeni na hidrojeni. Nyati aunde maumbo yote anayoyajua; Kindi akiongeza moja jipya, ameshinda. Kanga aliitwa kuamua, na wanyama wengine wakaja kutazama.

Nyati aliunda la kwanza: meusi manne kwa mstari, jekundu mwishoni. La pili: mstari uleule, jekundu kwenye jeusi la pili. La tatu: jeusi moja katikati, matatu yamelizunguka, jekundu kwenye ncha moja. La nne: mpangilio huohuo, ila jekundu kwenye jeusi la katikati.

"Nimemaliza! Hakuna jingine chini ya jua!"

Kindi akapanga mstari, akaweka jekundu kwenye jeusi la tatu. "Hili hapa!"

"Mpumbavu we!" Nyati alinguruma. "Hesabu kutoka upande wa pili! Si ndilo la pili hilo?"

Kindi akakunja mstari ukawa kama goti. "Na hili?"

"Kukunja si kuunda! Sikia, kidudu. Geuza, kunja, zungusha, ila usichomoe mwiba. Likilala sawasawa juu ya jenzake, ni lilelile!"

"Ehee. Na lisipolala?"

"Lisipolala ni jingine!"

"Bibi Kanga, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Kanga. "Wote wamesikia."

Kindi akabeba umbo la pili la Nyati hadi dimbwini. Akaliinamisha juu ya maji, akatazama kivuli cha umbo kama kwenye kioo. Kisha akaketi, akaunda kile alichokiona majini, mwiba kwa mwiba.

"La tano, Mjomba."

"La tano wapi? Ni la pili! Mstari uleule, jekundu palepale!"

"Basi lilaze juu ya jenzake."

Nyati akalaza. Mikia, yaani meusi ya pande mbili, ilikaa vizuri, lakini jekundu lilitazama juu, la chini likatazama pembeni. Akageuza. Jekundu likakaa, mikia ikapishana. Akazungusha. Akakunja. Jasho likamtoka, tone, tone, tone.

"Uchawi huu!"

"Si uchawi. Tazama hilo jeusi la pili limeshika nini. Mkono mmoja jeupe, mmoja jekundu, mmoja mkia mfupi, mmoja mkia mrefu. Vinne, na hakuna kinachofanana na kingine. Umbo hilo na kivuli chake ni kama kwato zako za mbele, ya kulia na ya kushoto."

"Mbona hukuunda vivuli vya haya mengine matatu?"

"Kwa sababu vingelala: humo kila jeusi limeshika angalau viwili vinavyofanana. Jaribu uone."

Nyati akaunda vivuli hivyo, akajaribu. Yote matatu yalilala. Akalirudia la tano kwa hasira. Pwaa! Mwiba ukachomoka.

"Umechomoa!" wanyama wakapiga kelele.

Kanga akakung'uta mbawa. "Halikulala. Wewe mwenyewe umesema: lisipolala ni jingine. Kindi ameshinda."

Wanangu, vitu vikilingana kwa hesabu, usikimbilie kuapa kuwa ni kimoja.

Nyati alivuka mto kabla ya adhuhuri. Mkwaju ulibaki umesimama.