Mvuta Nyuki Huacha Tundu

Mvuta nyuki huacha tundu. Jana mlimsikia mzee Nsabi akimwambia hivyo mwalimu wa kwaya, baada ya mwalimu kutangaza kwamba atakayekosa zoezi moja tu atafutwa jina. Mkacheka, na mmoja wenu akaniuliza nyuki wanavutwaje, kwa kamba? Nitawaeleza, lakini mnisikilize mpaka mwisho, maana nimechoka kuona watu wakiichukua methali hii kama chumvi na kuinyunyiza kwenye kila chungu.

Kwanza, msidhani kila methali tuliachiwa na mababu waliovaa magome ya miti. Hii ina umri mdogo kuliko mama zenu. Ilianzia hapa hapa Isimbandi, kwenye dari la zahanati, wakati mimi ni muuguzi mfawidhi, na chanzo chake kilikuwa ugomvi wa mtu na mkewe. Mke aliitwa Kashindye. Yale ambayo sikuyaona kwa macho yangu alinisimulia mwenyewe, tena mara nyingi, tena kwa hasira ile ile kila mara.

Kashindye alikuwa mfuga nyuki. Alikuwa na mizinga kumi na mmoja msituni, na yote ilikuwa mitupu. Moto ulikuwa umepita chini ya miti yake, nyuki wakahama, naye akaifukiza mizinga upya, akaipaka nta, akaitundika, akangoja misimu miwili. Hakuna aliyeingia ila mijusi. Alikuwa akienda kuigonga na kuitegea sikio, anasikia kimya, anarudi nyumbani kumgombeza yeyote anayekutana naye njiani. Mwanamke aliyelelewa na kelele za nyuki tangu utotoni alikuwa anaishi bila nyuki hata mmoja, na jambo hilo lilikuwa linamla.

Sasa kundi kubwa likaingia kwenye dari la zahanati, juu ya chumba cha wazazi. Mwanzoni nilivumilia. Walipomuuma mama aliyekuwa amejifungua siku mbili tu, nikasema basi. Nilimpa Kashindye mpaka Jumamosi asubuhi awatoe. Asipowatoa, mpuliza dawa angefika siku hiyo na pampu yake, na kundi lote lingekufa. Msinitazame hivyo, nilikuwa na watoto wachanga mle ndani.

Kuwatoa hakukuwa rahisi. Dari lile lilikuwa karibu sana na bati, mtu hapenyezi hata bega, na ukiwapelekea moshi wanakimbilia chumba cha pili. Lakini Kashindye aliwahi kuonyeshwa na afisa nyuki picha ya chombo cha kuwavuta nyuki wakiwa hai, na picha ile ilikuwa imemkaa kichwani. Chombo chenyewe ni mashine ya kufyonza vumbi, ndoo kubwa yenye mfuniko, na mipira miwili kama ile ya kumwagilia bustani, ila minene zaidi. Mpira mmoja unatoka kwenye mashine kuingia kwenye ndoo. Wa pili unatoka kwenye ndoo kwenda kwa nyuki. Mashine inavuta hewa ya ndoo, ndoo nayo inavuta nyuki, na wavu unawazuia wasipitilize kwenda kwenye mashine. Wanaishia ndani ya ndoo, juu ya kipande cha godoro, wazima.

Mashine ya kufyonza vumbi aliipata mumewe, fundi Mgalula, kwenye vyuma chakavu vilivyotupwa na nyumba ya wageni. Akaifufua kwa siku moja. Hapo sifa zake ndipo zinapoishia.

Mgalula alikuwa fundi pancha pale njia panda. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa moja: kuzamisha tyubu kwenye karai la maji, kutazama mapovu yanatokea wapi, kuziba. Ikamwingia damuni. Hakuweza kuliona tundu akaliacha. Sufuria za majirani alizisimamisha njiani akaziziba. Aliwahi kuziba hata kile kitundu cha mfuniko wa birika la mama mkwe wake, cha kutolea mvuke, akaondoka ameridhika kabisa. Chai ilipochemka mfuniko uliruka mpaka kwenye kenchi. Wala hakujifunza kitu, alisema birika ndilo bovu.

Jumatano walikijaribu chombo. Kashindye alikaanga bisi, kwa kuwa punje ya bisi na nyuki hazipishani sana kwa uzito, na bisi nayo huvunjika upesi. Akaweka mdomo wa mpira mbele ya sinia. Bisi zikaruka zote kwa pamoja, na alipofunua ndoo akakuta unga. Mashine ilikuwa na nguvu za kufyonza zulia zima, na nyuki hana mifupa. Kashindye akachukua msumari wa moto, akatoboa mfuniko wa ndoo tundu la ukubwa wa kizibo cha soda, akaliwekea kipande cha bati cha kusogeza ili apunguze na kuongeza. Hewa nyingine ikawa inaingilia pale, na nguvu ya kwenye mpira ikapoa. Akarudia. Bisi zilitembea ndani ya mpira taratibu, zikaangukia kwenye godoro nzima nzima. Akazila kwa furaha, akaenda kulala.

Alhamisi asubuhi akakuta tundu limezibwa kwa kiraka cha mpira na solushi, ile gundi ya pancha.

"Baba Kulwa, nani ameziba tundu langu?"

"Mimi. Lilikuwa linavuja."

"Linavuja kwa sababu nimelitoboa livuje."

"Mama Kulwa, hakuna mtu mwenye akili anayetoboa kitu ili kivuje."

"Na chujio la chai?"

Mgalula alifikiri kidogo. "Chujio ni chujio," akasema, akaenda kazini.

Kashindye alikibandua kiraka kwa kisu, akakwangua solushi mpaka kucha zikamuuma. Jioni alimweleza mumewe habari ya tundu tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Alimwonyesha na bisi zilizosagika. Mgalula akaitikia kila neno. Ndiyo, Mama Kulwa. Nimeelewa, Mama Kulwa. Ninyi ambao hamjaoa wala kuolewa bado, jihadharini na mtu anayeitikia upesi hivyo.

Ijumaa asubuhi walifika zahanati. Niliwahamishia wazazi ofisini kwangu. Kashindye akavaa mavazi yake, akapanda ngazi, akabandua ubao mmoja wa dari. Kundi lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, limening'inia kwenye masega kama nguo nzito iliyoanikwa. Akamwonyesha mumewe kidole, mashine ikawashwa. Nyuki wakaanza kuingia kwenye mpira, na Kashindye aliponyoosha macho akaona bati la tundu limesogezwa, tundu liko wazi. Akatulia. Akavuta nyuki wa pembeni, kiasi cha kibaba hivi, kisha akashuka kuwatazama.

Walikuwa wamekufa. Wote. Walikuwa wamelowa asali iliyowatoka tumboni, mbawa zimenyofoka, wamegandamana kwenye wavu. Kashindye alikaa kwenye ngazi, ndoo mapajani, akawageuza geuza kwa kidole akitafuta hata mmoja anayetikisa mguu. Kisha akaugeuza mfuniko.

Kiraka kilikuwa upande wa ndani, chini ya tundu, kimekatwa duara, kingo zimepigwa tupa. Ukitazama juu unaona tundu wazi. Nisiwe mnyimi wa haki, kilikuwa kiraka kizuri sana.

"Nimeelewa, Mama Kulwa," akasema Kashindye. "Si ndivyo ulivyoniambia jana?"

"Niliona tundu umeliacha juu, nikajua ni la mapambo," Mgalula akajibu. "Hewa ilikuwa inapotea bure. Nilitaka ivute vizuri, umalize mapema, upate nyuki wako. Nilidhani nakusaidia."

"Hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa adui yangu ningejua la kufanya. Lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete mkono, Baba Kulwa."

Kashindye akarudisha mfuniko, akakibonyeza kiganja cha mumewe kwenye mdomo wa mpira, akaniomba niwashe mashine. Mpira ukamnasa. Nyama ya kiganja ikaingia ndani, ikawa nyekundu, kisha zambarau. Mgalula akavuta mkono, ukafuata na mpira. Akautazama mkono wake kwa mshangao, maana hakuna tyubu iliyowahi kumfanyia hivyo.

"Unauma," akasema.

"Wewe una mifupa na bado unaumia. Sasa tazama." Kashindye akakisukuma kiraka kwa kidole kupitia tunduni mpaka kikabanduka. Hewa ikapiga mluzi kwenye mfuniko, na mkono wa Mgalula ukaachiwa, ukiwa na alama ya duara katikati. "Sikia, nikueleze kwa mara ya mwisho, na usiniitikie. Mziba pancha huziba tundu. Mvuta nyuki huacha tundu. Hizo ni kazi mbili. Hapa hatuko njia panda."

Mgalula kweli hakuitikia. Akakusanya maiti wa nyuki kwa ungo, akaenda kuwafukia nyuma ya zahanati bila kuambiwa na mtu.

Alasiri walirudia. Tundu lilikuwa nusu wazi, na fundi alisimama kando ya mashine akiwa ameshika mikono yake nyuma, kama mtu anayejihofia. Nyuki walishuka kwenye mpira wakinguruma, na ngurumo ile iliendelea ndani ya ndoo, jambo ambalo asubuhi halikuwepo. Malkia alipatikana kwenye sega la tatu. Hadi jua linaelekea kuzama, Kashindye alikuwa amewamiminia wote kwenye mzinga mpya, pamoja na masega ya watoto wao yaliyofungwa kwa vipande vya khanga, akauweka juu ya jukwaa nyuma ya nyumba yake. Mpuliza dawa alipofika kesho yake nilimpa chai, nikamwambia arudi alikotoka.

Wengi huimalizia hadithi hapa, na ndiyo maana wanaikosea methali.

Jumamosi ile kulipopambazuka, Kashindye alitoka kuwaona nyuki wake. Akakuta wachache wametoka wanazunguka juu ya mzinga, duara dogo, kisha kubwa zaidi. Mfuga nyuki anajua maana ya duara lile. Ni nyuki anayesoma mahali ili apakumbuke, au ni nyuki anayetafuta njia ya kuondoka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Akakumbuka mizinga yake kumi na mmoja. Akachana kipande cha khanga aliyojifunga, akakikunja, akakishindilia kwenye mlango wa mzinga kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ngurumo ya ndani ikafifia.

Mgalula alimkuta amesimama hapo, mgongo ameuegemeza kwenye jukwaa.

"Siku mbili tu," Kashindye akasema kabla hajaulizwa. "Wakizoea nitawafungulia."

"Jua la saa sita litawakuta humo ndani?"

"Siku mbili, Baba Kulwa. Wakiondoka hawa mimi sina wengine. Unajua nimengoja muda gani."

"Najua. Tumengoja wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nagombezwa." Akausogelea mzinga. Hakuwa na vazi la kazi, alikuwa na fulana tu. "Ukiwafunga watakufa humo humo, tutawazoa kwa ungo kama jana. Waliobaki wakitaka kwenda, waende. Mama Kulwa, mvuta nyuki huacha tundu. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha, na bado mkono unauma."

Kashindye akautazama ule mkono wenye alama ya duara, akajiondoa kwenye jukwaa. Mgalula akalishika lile kunjo la khanga kwa vidole viwili, akalichomoa. Waliokuwa mlangoni wakamuuma mara tatu. Watu husema lile ndilo tundu la kwanza alilozibua maishani mwake.

Nyuki wakamiminika nje, wakajaa hewani, na Kashindye akageukia ukutani kwa kuwa hakuweza kutazama. Wakazunguka. Wengine wakapotelea upande wa msitu. Ngurumo ikapungua, ikapungua tena, na Mgalula akakaa chini akinyonya kidole kilichoumwa. Walikaa hivyo hadi saa nne. Ndipo mmoja akatua kwenye mlango wa mzinga, mzito, akijikokota, miguu yake ya nyuma imebeba chavua ya njano. Nyuki anayehama habebi chavua, chavua ni chakula cha watoto. Nyuma yake akatua wa pili.

"Geuka, Mama Kulwa," fundi akasema. "Wanarudi."

Basi, ile ndiyo asili yake. Ninyi mnakumbuka mashine na ndoo, na mzee Nsabi naye hukumbuka mashine na ndoo, anadhani methali inawaonya wanaovuta kwa nguvu. Inawaonya hao, ndiyo, nao ni wengi. Lakini aliyeambiwa methali hii mara ya pili hakuwa anavuta kwa nguvu. Alikuwa mtu aliyependa kitu mpaka akashika kitambaa cha kukizibia mlango. Siku utakapojikuta na kitambaa mkononi, mwanangu, ukumbuke: mvuta nyuki huacha tundu.