Valvu Iliyokatika Chini ya Mlima

Wapendwa, kaeni vizuri, kwaya nao wapumzike kidogo, maana leo nina habari ya mtu na gari lake.

Mtu huyu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule pwani, na gari lake alilipenda, jamani! Wapo humu ndani wanaoosha gari kuliko wanavyooga, sitawataja. Aliponunua ringi mpya akazitazama valvu zake za mpira, yaani kile kichomozo kidogo tunachotilia upepo wa tairi, akaona zinamtia aibu. Akaweka valvu za chuma chepesi cha alumini, na vifuniko vya chuma vinavyong'aa kama vikuku. Na kwa kuwa wezi wa vifuniko wapo na tunawajua, akachukua koleo akavikaza kwa nguvu zake zote. Akasema, "Sasa nimwone atakayefungua."

Kweli, hakuna aliyefungua. Hata yeye mwenyewe. Kila siku gari lilikanyaga maji ya chumvi, kila Jumamosi akavisugua vifuniko vikang'aa, na kule ndani ambako kitambaa hakifiki, chumvi ilikuwa inakula chuma. Chumvi haina meno, lakini inakula, ndugu zangu.

Ikafika siku ya harusi ya mdogo wake, huko milimani. Baba yao alishafariki, kwa hiyo kaka huyu ndiye wa kusimama mahali pa baba, na wakwe walishasema bila yeye ndoa haifungwi. Alfajiri wakaondoka: mama yake mzazi kiti cha mbele, mkewe na watoto nyuma. Na mnaijua barabara ya milimani. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona moja ikikuachia, nyingine inakupokea.

Walipofika mji ulio chini ya mlima, mke akasema, "Baba watoto, gari linavuta upande. Tusimame tutie upepo."

"Tumechelewa."

"Ni kidogo tu, baba watoto. Tuna mama humu, tuna watoto."

"Nimesema tumechelewa! Wewe gari umelijulia wapi?"

Akina baba, naona mnacheka. Chekeni, tutafika.

Mke hakuacha. Mume, ili tu apate amani, akasimama kwa fundi pancha wa kando ya barabara. Fundi akashika kifuniko cha gurudumu la mbele, hakizunguki. Kimeshikana na valvu, vimekuwa kitu kimoja. Akaleta koleo, akazungusha taratibu, na valvu nzima ikakatika pamoja na kifuniko chake kinachong'aa. Upepo ukatoka wote, tairi likalala.

Bwana yule alifoka! Akamgeukia mkewe mbele za watu. "Haya, umefurahi? Gari lilikuwa linatembea! Mdogo wangu ananisubiri kanisani, na mdomo wako umenikwamisha hapa!" Mke wa watu akainama, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Fundi, kwa kutaka kutuliza mambo, akasema, "Mzee, ngoja basi niitazame na ya upande wa pili." Akaenda. Huko hakutumia koleo. Alikigusa kifuniko kwa vidole viwili, hivi tu. Kikaanguka pamoja na valvu yake. Upepo ukatoka, na gari likapiga magoti yote mawili.

Fundi akarudi nyuma, mikono kichwani. "Mzee wangu, kazi hii nimeifanya miaka, haya sijayaona. Mmefikaje hapa?"

Mume akaokota kile kipande. Kwa nje kinang'aa, kwa ndani unga mweupe unaomeguka kama biskuti. Akaangalia mlima, na ile barabara inavyopanda mpaka inapotelea kwenye mawingu. Akawaangalia watoto wake. Akakaa kwenye vumbi na suti yake ya harusi.

Ndipo mama yake akashusha kioo. "Mwanangu, alfajiri tuliposhikana mikono mlangoni, ulimwomba Mungu nini?"

"Nilimwomba atufikishe salama, mama."

"Basi jibu lako lilikuwa limekaa kiti cha nyuma, na wewe unalifokea."

Wapendwa, mimi nikifika hapo mwili unanisisimka. Vidole viwili tu vilitosha kuvunja kile chuma! Na kilikuwa kimepita mashimo yote tunayoyajua, kimebeba mama na watoto, hakikuvunjika. Nani alikuwa amekishikilia? Na sisi je? Ni barabara ngapi tumeshushwa salama juu ya kitu kilichokwisha kuwa unga, tukafunga mlango wa gari tukisema, "Mimi ndiye dereva bwana"? Mungu ni mkubwa, jamani. Naogopa hata kuusimulia ukubwa wake.

Tunapiga magoti asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne tumeshalifukuza jibu, kwa sababu limekuja na sauti tuliyoizoea. Tulitaka malaika. Akatuma mke. Akatuma jirani, akatuma mtoto anayesema, "Baba, usinywe tena leo." Tukamnunia.

Mtaniuliza harusi. Valvu zilibadilishwa zote nne, wakapanda mlima polepole, na ndoa ikafungwa jua likielekea kuzama. Lakini kabla hajaenda kusimama mahali pa baba, mtu huyu alisimama palepale kwa fundi, mbele ya wale wale waliomsikia akifoka, akamshika mkewe mikono na kusema, "Nisamehe, mama watoto. Mungu alisema na mimi, nikakutukana wewe."

Sisi huwa tunafoka barabarani, halafu tunaomba radhi chumbani, taa imezimwa. Si ndivyo?

Leo hapana. Kwaya, msiinuke kwanza. Kuna mtu alikuambia, "Simama," ukamfokea mbele za watu, na pengine ndiyo maana leo uko hai umekaa kwenye benchi hilo. Kama yumo humu ndani, inuka umfuate. Nenda tu. Sisi tutakusubiri.