Maktaba ya Matopeni na Sheria ya Hodi

Hadithi iko mlangoni!

— Ipite, tumeitandikia mkeka!

Haikuja peke yake, imekuja na uongo wake.

— Nao upite, tumeuzoea!

Wewe wa nyuma hukuitikia, nimekuona. Haya, nakusamehe kwa leo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na miji yao na kamati zao, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Matopeni. Mji wenyewe soko moja, bwawa moja, shule moja, na ubavuni mwa shule kijumba cha mawe chenye sakafu ya saruji. Kijumba hicho ndicho kilikuwa maktaba. Ukiingia mle mchana, jua limepita dirishani limetua kwenye migongo ya vitabu, myekundu, ya buluu, ya kijani, na harufu ya karatasi inakuja yenyewe kukupokea. Hata Kima, mnyama asiyejua kunyamaza, akivuka kizingiti kile sauti ilimshuka bila kuambiwa.

Mtunza vitabu alikuwa Bi Sange. Mnamjua sange? Si panya. Usimwite panya, atakununia mpaka mvua za mwakani. Ni kimnyama chenye pua ndefu kama mrija na miguu kama njiti za kiberiti, na akiwaza jambo ile pua hucheza, huku na huku, huku na huku. Bi Sange alivipenda vitabu vile mapenzi ya kuugua. Na kimoja alikipenda kupita vyote: kitabu cha hadithi za marehemu mama yake. Mama alisimulia, yeye akaandika kwa mkono wake, mama akiwa bado na meno. Kila akikifungua aliisikia sauti ya mama, na kila akiisikia alishangaa upya. Mama yuko kaburini, sauti iko hapa, inatoka kwenye karatasi. Jambo hilo hakulizoea kamwe, na mimi sioni kwa nini angelizoea.

Sasa, mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Kiboko. Nani alimchagua? Hata wao hawakukumbuka. Alisimama akasema, "Mimi," wakapiga makofi. Akautaka uwanja wa mpira, akala majani yote, ukabaki vumbi. Akalitaka tangi la maji la shule, akaingia kuoga, likapasuka, pwaaa! Sasa akaitaka maktaba. Kusoma hakutaka, mtu yule. Alitaka ile sakafu. Jua la saa saba linachoma, saruji iko baridi, unaliweka tumbo pale taratibu. Nyinyi wenyewe mngetaka.

Na pale Matopeni, kama hapa kwetu, huingii kwa mtu bila hodi. Unabisha, unaitikiwa karibu, unaingia. Ukibisha mara tatu kimya, unageuka unakwenda zako. Na ukishakaribishwa wewe ni mgeni, mwenye nyumba hawezi kukutoa mpaka uage mwenyewe. Walilelewa hivyo wote, na Kiboko alilelewa hivyo hivyo, ila yeye aliyachukua malezi akayapindua.

Siku moja akaitisha mkutano sokoni. Kila mnyama afike, na asiyefika, Mwenyekiti atakwenda kumkalia. Nani anataka kukaliwa na kiboko? Wakafika wote, Bi Sange naye akatoka maktaba akaenda. Mkutano ulipokolea, Kiboko akainuka, du, du, du, mpaka mlango wa maktaba, mji mzima nyuma yake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Nani angeitikia, na wote wako nyuma yake? Kiboko akageuka. Akasema wamesikia wenyewe, amebisha mara tatu na hakuna aliyeitikia, kwa hiyo nyumba haina mwenyewe, na aliyebisha ndiye aliyeipata. Kuanzia leo hiyo ni sheria. Mwalimu mkuu, Mzee Korongo, akafungua mdomo, akaliangalia lile pua la Kiboko, akaufunga.

Bi Sange alikuwa ametokeza katikati ya miguu ya watu, anahema. Lakini pua ilikwisha anza kucheza.

"Sheria nzuri, Mwenyekiti," akasema. "Ni ya nyumba hii tu?"

"Nyumba zote."

"Kwa leo tu?"

"Siku zote," akasema Kiboko, na kwa kuwa alikuwa na furaha akaongeza, "hata nyumba yangu."

Wakasikia wote. Kisha akajisukuma ndani. Fremu ya mlango ikalia, krrra! Akajibwaga sakafuni, puuu! Akamwambia Bi Sange kwamba Jumatatu shule inafunguliwa, na Jumatatu asivikute vitabu mle. Akivikuta, atavitandika kwenye tope la mlangoni apate pa kukanyagia.

Bi Sange akaenda nyuma ya shule akalia. Alilia kweli. Nyumba nyingine kavu pale mjini haikuwapo, mvua zilikuwa zinakaribia, na alikuwa anauona mwandiko wake, maneno ya mama yake, chini ya ule unyayo. Alipomaliza kulia akapangusa pua, na ile ni kazi ya muda. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti amehamia, anawaambia, jirani mgeni huyo, hamwendi kumtazama?

Wakaelewa. Wakaanza kwenda, kila mmoja saa yake, wanamvizia usingizini, hodi tatu zipite bila jibu.

Akaenda Kobe mchana, Kiboko anakoroma, ngrrr, ngrrr. "Hodi!" Kiboko hakufumbua jicho. "Karibu!" Kobe akaingia, akaketi, akaaga, akatoka.

Akaenda Digidigi alfajiri, Kiboko anakoroma, ngrrr, ngrrr. "Hodi!" Hakufumbua jicho. "Karibu!" Digidigi akaingia, akaketi, akaaga, akatoka.

Akaenda Kima jioni, akanong'ona, mjanja yule, "hodi" ndogo kama pumzi ya kunguni. "Karibu, Kima!" Na anakoroma.

Siri ilikuwa kwenye masikio. Mmewahi kumtazama kiboko masikio? Madogo, lakini hayatulii. Mwenyewe amelala, masikio yako macho, pindu pindu, pindu pindu, yanasikiliza mlango. Wala bwawani hakwenda tena, majani aliletewa. Hakuwa mjinga. Mlafi si lazima awe mjinga, msije mkakosea hapo.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikafika, Bi Sange akaanza kukata tamaa. Siku hiyo aliyekwenda ni Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa amejifunza kusoma utu uzimani, na mtu akijifunza kitu ukubwani hakiachi. Akabisha, akakaribishwa, akaketi, akaona kitabu, akakifungua, akaanza kusoma kwa sauti, neno moja moja, kidole juu ya mstari. Ilikuwa habari ya mvua na mahali inapotoka. Bi Sange alikuwa dirishani anachungulia.

Masikio ya Kiboko yakasimama.

Hayakusimama sana. Bi Kanga alikwama kwenye neno gumu na yakaanza tena, pindu pindu. Lakini Bi Sange alikuwa amekwisha ona, na pua yake ikacheza mpaka ikamwuma.

Jumapili mchana, yeye mwenyewe akaenda kubisha.

"Karibu," akasema Kiboko. "Umekuja kuvitoa?"

Bi Sange akasema amekuja kuviaga. Akaomba asome kimoja tu kabla havijaenda kwenye tope. Kiboko akasema asome, yeye analala. Basi Bi Sange akaketi, akakifungua kile cha mama yake. Hakuwahi kumsomea kitabu hiki mtu asiyempenda.

Akasoma.

Zamani sana, bwawa hili lilipokuwa halina jina, nyota moja ilichoka kukaa juu. Ikaanguka. Tubwi! Maji hayakuizima. Wanyama wakasimama ukingoni wakaona chini kabisa kunawaka, weupe kama maziwa, na samaki wanapita juu ya mwanga ule na vivuli vyao vinapita mawinguni. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyethubutu kuingia. Ila alikuwapo kiboko mmoja.

Kiboko akafumbua jicho.

Kiboko yule akavuta pumzi akazama. Akapita maji ya vuguvugu. Akapita maji ya baridi. Akapita mahali ambapo maji ni ya kale, hayajawahi kuona jua tangu yaumbwe. Na kila alivyoshuka mwanga ulizidi, mpaka ukampenya, na walioko ukingoni wakaiona mifupa yake inang'aa ndani ya mwili wake, ubavu kwa ubavu.

Kiboko alikuwa ameinua kichwa. Mdomo wazi. Masikio yamesimama, yote mawili, hayapinduki kulia wala kushoto.

Nje, Mzee Korongo akagonga mlango kwa mdomo wake, kama walivyopatana na Bi Sange. Ko ko ko. "Hodi!"

Mnajua kilichotaka kutokea? Bi Sange alitaka kuitikia yeye. Ulimi ulikwisha inuka. Mtu umelelewa miaka yote, hodi ikibishwa unaitikia, huulizi. Akaung'ata ulimi mpaka akasikia chumvi ya damu, akaendelea kusoma.

Kiboko yule akafika chini. Nyota yenyewe si kubwa, kama boga tu, imelala kwenye tope, inapumua. Aliipata peke yake. Hakuna wa kumwona, hakuna wa kumzuia.

Ko ko ko. "Hodi!"

Akaisogelea, uso wake ukawa mweupe kwa mwanga. Na nyota ikamtazama.

Ko ko ko. "Hodi!"

Naye akafungua mdomo.

Bi Sange akafunga kitabu. Pa!

Kiboko alikuwa anatazama mahali kitabu kilipokuwa wazi, na jicho lake lilikuwa na maji, na Bi Sange alipoliona jicho lile akasahau kwa kitambo kwamba amemshinda. Aliwaza, mama, umeyaona masikio haya?

"Endelea," akasema Kiboko.

"Hodi imebishwa mara tatu, Mwenyekiti."

"Hodi gani?"

Mlango ukafunguliwa. Mji wote wa Matopeni ulikuwa pale nje. Kiboko akainuka, ukuta ukatikisika, watu wakarudi nyuma. Angeweza kuwakanyaga, mnajua. Wao walijua pia. Lakini Mzee Korongo alifungua mdomo, akaliangalia lile pua, na safari hii hakuufunga. Akasema:

"Ulisema nyumba zote. Siku zote. Hata yako."

Kiboko akawatazama mmoja mmoja. Kisha akatoka, fremu ikalia, krrra. Mzee Korongo akasema yeye aliyebisha ndiye aliyeipata nyumba, na yeye anaiacha kwa vitabu na kwa Bi Sange, na asiyetaka aseme. Hakuna aliyesema.

Ila Kiboko hakwenda bwawani. Alisimama palepale mbele ya mlango, kichwa chini, anahema. Bi Kanga akanong'ona kwamba sasa ataubomoa. Wakangoja aubomoe.

"Hodi," akasema Kiboko.

Alisema polepole. Walikuwa hawajawahi kumsikia akisema polepole, wakatazamana. Mle ndani Bi Sange hakuitikia.

"Hodi."

Kima akamwonyesha kwa mikono dirishani, usiitikie, aende zake. Lakini Bi Sange alikuwa anaijua sheria kuliko wao. Ikifika ya tatu bila jibu, nyumba inarudi kwa Kiboko. Na niwaambie kweli, hata kama sheria isingekuwapo, alikuwa amekwisha yaona yale masikio.

"Hodi," akasema Kiboko.

"Karibu," akasema Bi Sange.

Akaingia kwa ubavu, taratibu, asiuguse mlango. Hakulala katikati. Aliketi pembeni, akakunja miguu, akachukua nafasi ndogo kadiri kiboko anavyoweza, na si ndogo sana. Akauliza neno moja tu.

"Aliimeza?"

Bi Sange akautafuta ukurasa. Wakaingia na wengine, Kobe, Digidigi, Kima, Bi Kanga, kila mmoja na hodi yake, kila mmoja na karibu yake, wakajazana mpaka madirishani. Akasoma mpaka mwisho. Hakukohoa mtu. Alipomaliza hawakuinuka, walikaa vilevile wanatazama ile karatasi, na jua lilikuwa limetoka kwenye vitabu vyekundu limefika kwenye vya kijani. Jumatatu shule ilipofunguliwa, vitabu vilikuwa mahali pake, na Kiboko alikuwa mlangoni kabla ya kengele, ameshabisha.

Sasa mnataka kujua kama aliimeza. Mimi siwaambii. Kitabu kiko rafuni, miguu mnayo.

Funzo lake ni hili, na mlishike sana. Msikubali kusomewa kitabu! Kiboko alikuwa na nyumba ya mawe, sakafu ya saruji, analetewa majani mpaka mdomoni. Akategea sikio hadithi moja, moja tu, akajikuta nje. Hadithi ni kitu kibaya. Mtu mwenye mali yake azibe masikio, na maktaba apite mbali.

Hadithi yangu imeaga, inatoka. Utamu bakini nao, uongo nirudishieni, nina kazi nao kesho.

Ila nyinyi mlioketi hapa midomo wazi tangu nilipoanza, huko kwenu nani amebaki kuitikia hodi?