Mshubiri Usio na Miba

Sogeeni, wa mbele na wa nyuma, hadithi haipendi mwanya.

Paliondokea mwanamke, Mwanatumu. Zimwi lilimgeuza mumewe, Shaame, kuwa mshubiri wa majani manene, usio na hata mwiba mmoja. Likampa mwanamke mmea ule chunguni. "Mnyweshe kikombe kimoja, mwezi unapoandama tu. Miezi mitatu ikitimia, atarudi mtu."

Mwanatumu akashika sharti. Lakini nyumbani alikuwamo mama mkwe, Bi Msimu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwezi wa kwanza Bi Msimu aliona majani yamesinyaa. "Mwanangu ana kiu," akasema, akamimina kata nzima ya maji.

Mwanatumu akapiga magoti. "Mama, zimwi limekataza."

"Zimwi ndilo lililomzaa?"

Mwezi wa pili Mwanatumu aliuficha mmea uvunguni. Bibi akauvuta, akamimina kata mbili. Mwezi wa tatu akamimina mtungi mzima huku akilia, na Mwanatumu akasimama mlangoni akitazama tu, maana mkwe hanyang'anywi kitu mkononi.

Siku ilipotimia, bibi aliushika mshubiri auketishe mkekani. Ukamjia wote mkononi, mizizi imeoza, majani yanavuja maji.

"Nilimpa maji," akasema. "Maji tu."

"Najua, mama," akajibu Mwanatumu.

Hadithi yangu naifunika hapo. Mshubiri wenye miba ungemchoma bibi kidole siku ya kwanza, akaacha. Ule haukuwa na hata mmoja.